Zabuni mtandaoni haitoshi, fundi wa delta alipwe kwa wakati

Tangu Oktoba 2023, taasisi ya umma inayotaka kununua saruji, kukarabati zahanati au kumpata fundi wa kujenga darasa inatakiwa kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki ulio chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Mfumo wa awali, TANePS, ulifungwa, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 ikaupa utaratibu mpya nguvu ya kisheria. Kwa mtu aliyezoea kusikia kazi za halmashauri zikigawanywa kwa kujuana, hii ni hatua kubwa: tangazo linaonekana na kila aliyejisajili, na bei zinashindanishwa ndani ya mfumo badala ya droo ya ofisa. Sheria hiyo pia inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa kila taasisi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hata hivyo, kupata kazi kwa njia ya wazi ni nusu tu ya haki ya fundi. Nusu ya pili ni bei inayolingana na mahali kazi inapofanyika, na malipo yanayotoka siku inayojulikana. Nusu hiyo bado imeachwa kwenye huruma ya ofisi moja moja, na ni vigumu kupata mahali inapoonekana wazi zaidi kuliko Kibiti.

Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ina sura mbili. Iko ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, yenye Jaribu Mpakani, Bungu na Kibiti mjini, ambako lori linashusha saruji mlangoni mwa duka. Iko na ya delta, kwenye kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni, ambako Mto Rufiji unajigawa mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, ndani ya msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Huko njia ni maji. Mfuko wa saruji ukitoka Bungu kwa gari hadi Nyamisati unapakiwa kwenye boti au mashua, unasubiri maji yajae ndipo chombo kiweze kuingia kwenye mkono wa mto, unashushwa kwa mabega juu ya tope, na ukichelewa kutumika unaganda kwa unyevu. Mchanga wa jirani una chumvi, na kokoto lazima ziletwe. Maji yakiwa mafu, chombo chenye mzigo kinaweza kukaa siku kadhaa kikisubiri, na fundi na wasaidizi wake wanakaa nacho.

Kazi nyingi za ujenzi vijijini hufanywa kwa utaratibu wa force account: shule au zahanati hununua vifaa kupitia kamati zake, kisha huingia mkataba na fundi kwa pesa ya ufundi tu. Utaratibu huu uliokoa fedha nyingi zilizokuwa zikienda kwenye faida ya wakandarasi, na uliwapa mafundi wa mitaani kazi ambazo zamani wasingezigusa. Tatizo lake liko kwenye makadirio. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) za kukabiliana na Uviko-19, serikali ilipanga kujenga vyumba vya madarasa 15,000 kwa Sh20 milioni kila kimoja. Mwaka uliofuata zikatolewa Sh160 bilioni kwa vyumba 8,000; ukigawanya, unarudi kwenye Sh20 milioni zilezile. Kiwango kimoja kina faida zake, kwa kuwa ni rahisi kukikagua na kigumu kukichezea. Lakini mfuko wa saruji haufiki Msala kwa bei ya Bungu, na kamati inapoona vifaa na usafiri vimekula fungu, mahali pekee palipobaki pa kubana ni kwenye ufundi. Bei ya tofali haibishani sana. Fundi anabishika, kwa sababu nyuma yake wako wengine watatu wanaoitaka kazi hiyo.

Tufanye hesabu ya mfano. Fundi amekubali kupandisha boma na kupaua darasa moja kwa Sh1.6 milioni. Kodi ya zuio ya huduma, asilimia 5, inaondoa Sh80,000, zinabaki Sh1,520,000. Ana saidia fundi watatu, kila mmoja Sh15,000 kwa siku, na kazi inachukua siku 24: hao wanakula Sh1,080,000. Kama kazi iko kando ya lami, fundi anabaki na Sh440,000, zaidi kidogo ya Sh18,000 kwa siku. Ni ujira wa kawaida kwa mtu mwenye ujuzi, zana na dhamana ya kazi nzima. Sasa kazi hiyohiyo ihamishie delta. Nauli za boti kwa watu wanne na zana, kwenda na kurudi, tuseme Sh150,000. Siku nne zinapotea kusubiri maji au vifaa, na wasaidizi wanalipwa hata wakiwa wamekaa, maana wako ugenini: Sh180,000 nyingine. Fundi anabaki na Sh110,000 kwa siku 28, yaani chini ya Sh4,000 kwa siku, wakati msaidizi wake anayechanganya zege amechukua Sh15,000. Kwenye mfumo, mikataba hii miwili inaonekana sawasawa: bei moja, kazi moja, fundi aliyeridhia mwenyewe.

Ongeza muda. Kama malipo ya mwisho yamechelewa miezi miwili, na fundi amekopa Sh300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi ili awalipe vijana wake, Sh60,000 zinaondoka. Kilichobaki mkononi ni Sh50,000. Mkandarasi mkubwa akicheleweshewa hudai riba, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimekuwa zikitaja mara kwa mara mabilioni yanayopotea kwa riba za aina hiyo. Fundi wa darasa hana mwanasheria wa kumwandikia barua ya madai, na hata angekuwa naye angejiuliza kama kazi ijayo ataipata. Kwa hiyo gharama ya kuchelewa haijafutika. Imehamishwa kutoka kwenye vitabu vya serikali kwenda kwenye nyumba ya mtu mmoja, ambako hakuna mkaguzi anayefika.

Wakulima wa korosho, zao ambalo Kibiti inalijua vizuri, walishapata somo hili. Novemba 2018, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kutoa bei za chini. Bei ilikuwa wazi, nzuri, na kila mtu aliisikia redioni. Malipo ndiyo yaliyosuasua, na wapo wakulima waliosubiri kwa miezi mingi huku msimu mwingine ukiingia na mashamba yakihitaji palizi na salfa. Leo minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na bei inaonekana kwenye skrini papo hapo. Mafanikio ya mfumo huo, hata hivyo, mkulima anayapima kwa siku fedha zinapoingia kwenye simu au akaunti yake. Bei nzuri isiyolipwa kwa wakati ni mkopo ambao mnyonge anampa mwenye nguvu bila riba.

Pengo jingine ni la jina. Mfumo unamjua aliyejisajili, mwenye kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, simu yenye intaneti na muda wa kujifunza kurasa zake. Fundi hodari wa kuezeka anayeishi kwenye kijiji ambako mtandao unapatikana kwa kupanda mnazi hayumo. Hapo ndipo anapozaliwa mtu wa kati: kijana wa mjini anayejua kujaza fomu, anayeshinda kazi kwa jina lake, kisha anampigia simu fundi wa kijijini na kumpa sehemu ya pesa. Huduma ya kujaza fomu ina thamani yake, na haifai kuiita wizi. Hatari ni pale ambapo hakuna anayejua tofauti kati ya kilichoandikwa kwenye mkataba na kilichomfikia aliyeshika mwiko.

Jirani zetu Kenya wameonja jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichambua maandishi machafu ili kuifunza programu ya ChatGPT walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 za Marekani kwa saa, wakati mkataba kati ya OpenAI na kampuni ya Sama, iliyowaajiri, ulitaja dola 12.50 kwa saa. Kampuni ina gharama zake za ofisi na usimamizi, lakini tofauti hiyo ilijulikana tu baada ya waandishi kuona mkataba. Machi 2024, Remotasks, jukwaa la kazi ndogondogo za mtandaoni, lilifunga huduma zake Kenya ghafla, na vijana waliolitegemea wakajikuta nje. Jukwaa la binafsi la kazi za kompyuta na mfumo wa serikali wa ununuzi ni vitu viwili tofauti, lakini swali la haki ni lilelile: nani anafanya kazi, nani analipwa, na nani anaujua mkataba wote?

Kinachofaa kuigwa

Majukwaa hayo ya kimataifa yana kasoro nyingi, kuanzia kamisheni yanazokata hadi mashindano ya bei kati ya mtu wa Manila na mtu wa Mombasa. Yana jambo moja, hata hivyo, ambalo ununuzi wetu wa umma ungefaidika kuliiga. Kwenye jukwaa la Upwork, mteja wa kazi ya bei isiyobadilika huweka fedha ya hatua husika kwenye amana kabla kazi haijaanza. Mfanyakazi akishawasilisha kazi ya hatua hiyo, mteja ana siku 14 za kukagua, kuikubali au kuomba marekebisho. Akikaa kimya mpaka siku hizo ziishe, fedha inatoka. Mambo mawili yamebadilika hapo. Mfanyakazi ana uhakika kwamba fedha ipo, na ukimya wa mwenye kazi hauna tena uwezo wa kumzuilia mtu haki yake. Jiji la New York lilifikia wazo linalofanana kwa njia ya sheria: tangu Mei 2017, anayempa mfanyakazi huru kazi ya dola 800 au zaidi lazima amwandikie mkataba, na kama mkataba hautaji siku ya malipo, basi alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza.

Kwa Kibiti, kuiga wazo hilo kungekuwa hivi. Kabla fundi hajasaini, fedha ya ufundi iwe imeshatengwa na kuonekana kwamba imetengwa. Mkataba ugawanywe kwa hatua ambazo fundi na mwalimu mkuu wote wanazielewa kwa macho: msingi na jamvi, boma hadi linta, kupaua, lipu na umaliziaji. Kila hatua iwe na siku ya ukaguzi na siku ya malipo. Usafiri wa majini na siku za kusubiri maji ziwe na mstari wake kwenye makadirio, mbali na pesa ya ufundi, ili mzabuni wa Bungu na wa Mbuchi washindane kwa ujuzi na wala si kwa uwezo wa kumeza nauli. Mkataba useme pia nini kitatokea kazi ikisimama kwa nguvu ya Mungu. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yalizamisha mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaipiga pwani hiyohiyo. Mkataba usiotaja mafuriko kwenye delta umemwachia fundi hasara yote bila kumwambia.

Hakuna jipya katika fikra hii kwa watu wa delta. Zama za biashara ya boriti za mikoko na majahazi yaliyokwenda Uarabuni, boriti zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na mkataji na mnunuzi wote waliweza kuhesabu. Biashara ile ilikuwa na dhuluma zake, lakini kipimo cha kazi kilikuwa mbele ya macho ya pande zote mbili. Mkataba unaosema "malipo yatafanyika kazi itakapokamilika kwa kuridhisha" hauna kipimo cha aina hiyo, maana anayeamua kuridhika ni mmoja, na siku ya kuridhika haikutajwa.

Pingamizi na majibu yake

Watakuwepo watakaosema fedha ya umma haiwezi kutoka yenyewe kwa sababu tu siku zimepita, kwani hapo ndipo madarasa hewa huzaliwa. Hofu hiyo ni ya haki. Dawa yake ni kuufanya ukaguzi uwe wajibu wenye tarehe. Kamati za ujenzi za kijiji na shule zipo tayari kwa mujibu wa utaratibu wa force account, na mhandisi wa halmashauri anaweza kufanya ziara moja ikagusa miradi kadhaa ya kata za visiwani badala ya kila fundi kumsubiri kivyake. Kamati ikiridhia hatua kwa maandishi na picha, na mhandisi asitoe pingamizi ndani ya siku 14, malipo ya hatua yatoke, huku sehemu ndogo ikizuiliwa hadi mwisho kwa ajili ya kasoro zitakazojitokeza. Serikali inao mfumo wake wa malipo, MUSE. Hatua inayobaki ni kuifanya tarehe ya ukaguzi iwe kengele ndani ya mfumo, na kumtaka aliyechelewesha aandike sababu.

Wengine watasema bei ya chini ndiyo faida ya ushindani, na kila shilingi inayookolewa kwa fundi ni dawati kwa mwanafunzi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kazi ya fundi isingekuwa na mahali pa kujificha. Fundi anayepata Sh4,000 kwa siku ana njia tatu: kuikimbia kazi katikati, kupunja uwiano wa saruji ili amalize upesi, au kuuza mifuko kadhaa usiku. Zote tatu zinalipwa na shule ileile, kwa nyufa na kwa mkataba wa pili wa kumalizia kazi ya kwanza. Bei ya haki haimhakikishii mtu yeyote uaminifu wa fundi, ila inamwondolea fundi mwaminifu sababu ya kushindwa na mwenzake aliyepanga kuiba tangu alipojaza bei.

Wako pia watakaouliza kwa nini bei isipangwe kwa amri tu, kila fundi ajue kiwango chake. Yaliyotokea kwenye teksi za mtandao yanatufundisha tahadhari. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilishusha kamisheni ya kampuni hizo hadi asilimia 15. Madereva walifurahi, lakini Aprili mwaka huo Uber ikasitisha huduma zake nchini. Ilirejea Januari 2023, baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25 pamoja na ada ya uwekaji nafasi ya asilimia 3.5. Kiwango kinachowekwa bila kuhesabu gharama za pande zote kinaweza kuondoa kazi yenyewe. Ndiyo maana nadai mistari ya gharama na tarehe za malipo kabla ya kudai bei elekezi. Nauli ya boti kutoka Nyamisati inajulikana na kila abiria gatini, hivyo anayehofia kwamba mstari huo utakuwa kichaka cha ufisadi anaweza kuukagua kwa urahisi kuliko anavyokagua bei ya jumla iliyoficha kila kitu ndani yake.

Mwisho kuna hoja ya uhuru: fundi ni mtu mzima, hakulazimishwa kuweka bei hiyo. Ni kweli kwa fundi mwenye zana zake, wateja kadhaa na uwezo wa kusema hapana. Sheria yetu yenyewe, lakini, haiamini kwamba jina la mkataba linatosha kueleza hali ya mtu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa kipo hata kimoja kati ya vigezo kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa zana, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayofanana kwa wafanyakazi wa majukwaa mwaka 2024, miaka 20 baada yetu. Saidia fundi anayezunguka na bosi wake mradi hadi mradi kwa miezi anaweza kabisa kuangukia humo, na majina ya wasaidizi na viwango vyao vya siku yanastahili kuandikwa kwenye mkataba wa fundi.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji kusubiri Bunge. Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti inaweza, kwenye bajeti ijayo, kutoa makadirio tofauti kwa kata za delta na kuyabandika kwenye ofisi za vijiji. Inaweza kumpa mtendaji wa kata jukumu la kuwasajili mafundi kwenye NeST bila malipo, ili mtu wa kati abaki kuwa chaguo. Inaweza kuamua kwamba hakuna mkataba wa ufundi unaosainiwa kabla fedha ya hatua ya kwanza haijatengwa, na kila robo mwaka kusoma mbele ya madiwani orodha ya mafundi waliomaliza kazi na idadi ya siku walizosubiri kulipwa. Sehemu ya PPRA ni kuongeza kwenye mfumo tarehe mbili kwa kila hatua ya mkataba mdogo, ya ukaguzi na ya malipo, na kuziacha wazi kwa umma kama zilivyo bei za washindi. Diwani wa Maparoni akiwa na orodha hiyo mkononi atakuwa na swali la kumuuliza mkurugenzi, na mkurugenzi hatakuwa na sababu ya kusema hakujua.